Nilipomwambia mke wangu nahama

Kuna mambo mtu hafanyi kirahisi. Kuhama dini, kuhama mtaa, kuhama Yanga kwenda Simba. Mie naongeza la nne: kuhama prosesa.

Kompyuta yangu ya mezani ndiyo inayonilisha. Nakata video za harusi na kicheni pati. Ndani yake kulikuwa na Core i5-7500 ya Intel, toleo la 2017, viini vinne. Haijawahi kunikosea adabu, ila uzee. Harusi ya saa mbili naiweka jikoni saa nne usiku, asubuhi naamka bado inapika! Juu ya hapo, Oktoba 14, 2025 Windows 10 ikaachwa kuhudumiwa, na Windows 11 haimtaki Intel wa kizazi changu cha saba. Anakubaliwa kuanzia wa nane.

Basi Mama Latifa akapokea zamu yake ya mchezo, laki sita. "Chukua utengeneze mashine, Baba Latifa. Lakini Januari ada ya mtoto iwe imerudi." Hela ya mchezo, jamani! Ukiivuruga hiyo, utalala sebuleni mpaka ujukuu.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi: i7-7700 ya mtumba, naichomeka palepale, nasepa. Fundi wa Kariakoo akanitazama kwa huruma. "Kaka, hiyo nayo ni kizazi cha saba. Viini vinne vilevile. Windows 11 utaisikia kwa majirani."

Na ya kizazi cha nane je? Soketi si ileile 1151? Jamaa akacheka. Jina ni lilelile, lakini inataka mazabodi yake, za mfululizo wa 300. Yaani nanunua mazabodi, halafu bado nimo kijiji kilekile.

Hapo ndipo AMD ilipotajwa. Nikasita. Kijiweni kwetu AMD inasemwa inachemka kama sufuria la pilau. Kumbe maneno hayo ni ya enzi za FX, kabla Ryzen hazijaingia mwaka 2017. Fundi akanihesabia: soketi ya AM4 imeanza 2016, na hata 2024 ilikuwa bado inatolewa prosesa mpya. Intel muda huohuo wametoka 1151, wakapita 1200, wakaenda 1700. Ile mpya ya AM5 inataka RAM za DDR5 tu, na RAM zenyewe mwishoni mwa 2025 zilipanda bei vibaya. AM4 inakula DDR4, ambazo ninazo tayari. Kwa hiyo RAM, boksi na diski vinabaki. Nanunua prosesa na mazabodi, basi.

Nikampigia mke wangu. "Mama Latifa, nimeamua kuhama." Kimya. Halafu sauti ya chini: "Unahamia kwa nani?"

Ilinichukua vocha nzima kumweleza.

Tena nusura nichemshe. Kwa uchu wa kuokoa vijisenti nikashika Ryzen 5 5600. Fundi akauliza, "Kadi ya picha unayo?" Sina bwana, nilikuwa naishi kwa ile iliyomo ndani ya Intel. Kumbe 5600 haina picha ndani yake. Ningewasha nyumbani nikatazamana na skrini nyeusi, huku Mama Latifa kasimama nyuma yangu. Nikachukua 5600G. Viini sita, kazi 12 kwa mpigo, na picha imo humohumo.

Usiku ule nikaweka harusi moja ya Mbagala saa nne, nikaketi kuilinda kama ndizi jikoni. Saa sita ilikuwa haijafika, imeiva. Mama Latifa akachungulia kutoka chumbani, kanga kifuani.

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Basi kesho asubuhi mwenye harusi alete pesa. Januari si mbali."