Njiti wa Madam

Najua nimepotea. Sijafukuzwa chuo wala sijaolewa kimya kimya, nilikuwa nalea. Madam kajifungua, na mwanawe mmoja nusura atutoke.

Kwa wasiomjua, Madam ni yule paka wa mistari anayelala kwenye ngazi za hosteli. Jina kapewa kwa sababu anatembea kama mwalimu wa zamu. Kazaa wanne, ndani ya boksi la karatasi za fotokopi, chini ya kitanda changu. (Matroni, kama unasoma, hii ni hadithi tu. Kwikwikwi!)

Watatu wanene, wa nne njiti. Mtoto wa paka akizaliwa huwa na gramu 100 hivi. Huyu tulimpima kwenye mizani ya dada anayeoka keki kantini, ikasoma 76. Kesho yake wenzake wameongezeka gramu kumi na kitu, yeye 74. Kwa macho usingejua, maana alikuwa kwenye chuchu kama wenzake, ila anasukumwa, anaachia, analala.

Chumbani pakawa bunge. Mmoja anasema tumtoe tumlee wenyewe, mwingine anasema tukimgusa tu Madam atamkataa. Hilo la pili siliafiki: paka aliyekuzoea hamkatai mwanawe kwa harufu ya mkono wako, akisumbuliwa sana anawahamisha tu. La kumtoa ndiyo nililikataa kabisa. Mama ana joto, na mtoto mchanga hawezi kujipasha mwenyewe. Tena siku za mwanzo hawezi hata kukojoa mpaka alambwe. Nikauliza, nani atalamba? Kimya.

Basi tukaanza na Madam mwenyewe. Anayenyonyesha anakula hata mara mbili ya kawaida, kwa hiyo dagaa wa kuchemsha bila chumvi, vipande vya maini, na maji karibu na boksi. Halafu maziwa ya Njiti. Ya ng'ombe hapana, yana mafuta na protini kidogo kuliko ya paka na yanaharisha, na kuharisha kwa kiumbe wa gramu 74 ni kifo. Tukachanga bumu lililobaki, nikazunguka mjini maduka ya dawa za mifugo mpaka nikapata kopo la maziwa ya unga ya watoto wa paka. Bei siandiki, mama yangu anasoma humu.

Kila baada ya saa tatu, sirinji ndogo bila sindano, tone kwa tone, mililita 2, zikizidi sana 3. Analala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake. Ukimlaza chali kama mtoto wa mtu, maziwa yanaingia mapafuni. Akimaliza, wale wanene nawafunga kwenye kanga dakika kumi, Njiti anabaki peke yake na chuchu zote nane. Hapo ndipo nilipopapenda mimi kuliko hata sirinji. Wenzake wanapiga kelele kama abiria waliopitishwa kituo, yeye ananyonya tu.

Usiku wa nne ulikuwa mbaya jamani. Saa tisa kengele ya simu inalia, namkuta kona ya boksi, wa baridi, mdomo haushiki kitu. Maziwa sikumpa, maana tumbo likiwa la baridi halisagi. Nikamweka kifuani ndani ya fulana, umeme umekatika, mwenzangu wa chumba kashika tochi anasali. Nusu saa nzima. Akaanza kujinyonganyonga, kisha akalia. Madam akapanda kitandani mwenyewe, akambeba kwa shingo, akamrudisha, akamlamba mpaka nikamwonea huruma. Saa mbili asubuhi nilikuwa mbele ya darasa nawasilisha kazi ya Saikolojia ya Elimu, nanuka maziwa.

Siku hiyo mizani ilisoma 73. Kesho yake 79, kisha 88. Leo ni siku ya kumi na moja, 138. Sirinji ameanza kuisukuma, anataka ya mama yake, kwa hiyo nimepunguza hadi mara mbili kwa siku. Jicho la kushoto limefunguka jana, la kulia bado.

Wakifika wiki nane watahitaji kwao. Anayetaka aseme mapema, wapo watatu. Njiti hagawiwi.