Damu ya Mzee

Mpwa wetu aliyezaliwa Nottingham, Uingereza, alikuja kututembelea Kampala na kisanduku cha sanamu za plastiki: askari na mazimwi wa mchezo wa Warhammer, uliotolewa mara ya kwanza nchini humo mwaka 1983. Kimo cha askari hakikufika hata sentimita 4. Baada ya "Shikamoo, mjomba", Kiswahili chake kilikwisha, nasi tukaona haya.

Siku ya tatu alitukabidhi brashi. Zimwi la giza, tulidhani, litataka nini zaidi ya weusi? Tukalipaka jeusi mwili mzima. Likawa kipande cha mkaa, macho na majeraha yasionekane.

Kijana akacheka, tukaanza upya. Akawa agusa chupa moja moja akiuliza jina. Tukamjibu: kijivu, kwa kuwa ni rangi ya jivu, kahawia, ya kahawa, na ile nyekundu iliyokolea weusi, damu ya mzee. Hapo akashtuka, akalirudia jina hilo mara tatu. Vazi tukalipaka kahawia, mikunjo yake tukaitilia damu ya mzee iliyozimuliwa kwa maji, kingo tukazipitishia kijivu kwa brashi kavu. Nyekundu kali tuliiweka jichoni tu. Ndipo giza likaonekana, maana sasa lilikuwa na cha kulinganishwa nacho.

Walimu wenzetu, tulimngoja kijana aje na lugha mkononi, kumbe ilitupasa sisi kumpa kitu cha kukitaja. Barua yake ya kwanza kutoka kwao ilisema: "Mjomba, damu ya mzee imekwisha. Nanunua nyingine."