Hamilton wa Ngapi?

Kesho Jumapili, Desemba 7, saa kumi kamili jioni, magari 20 ya langalanga yataondoka kwenye mstari pale Yas Marina, Abu Dhabi, kwa mbio za 24 na za mwisho za msimu huu wa 2025. Mizunguko 58, halafu basi. Madereva watatu bado wanaweza kuwa bingwa, jambo ambalo halitokei kila mwaka. Mimi nitakuwa barazani kwa mjomba, hapa Manyovu, simu mkono mmoja na pawabenki mkono mwingine, nikiangalia kwa niaba yake. Mjomba haoni tena. Presha ya macho ilianza na jicho la kushoto, ikahamia la kulia, na madaktari walishamwambia kwamba kilichokwenda hakirudi.

Hiyo saa kumi naisisitiza kwa sababu. Tuko mpakani kabisa, na simu zetu hazijui mpaka. Ukisogea kidogo upande wa migomba, simu inashika mtandao wa Burundi na saa inarudi nyuma saa nzima. Septemba nilikaa nakunywa chai nikijua muda bado, kumbe kule Baku wameshaondoka na Piastri ameshagonga ukuta mzunguko wa kwanza tu. Mjomba alinisema mpaka nikanyamaza. Kesho nitavaa saa ya mkononi.

Hesabu zenyewe ziko hivi. Lando Norris wa McLaren ana pointi 408. Max Verstappen wa Red Bull ana 396. Oscar Piastri, mwenzake Norris, ana 392. Mshindi anapata 25, wa pili 18, wa tatu 15, wa nne 12. Kwa hiyo Norris akimaliza katika tatu bora, ni bingwa, hata wengine wafanye nini. Verstappen akishinda halafu Norris akawa wa nne, Verstappen anamzidi kwa pointi moja tu, 421 kwa 420. Piastri anahitaji kushinda na kuomba Norris aangukie nafasi ya sita au chini zaidi. Leo jioni wamepanga foleni (hilo ni neno la mjomba kwa mbio za kutafuta nafasi ya kuanzia) na Verstappen yuko wa kwanza, Norris wa pili, Piastri wa tatu. Wote watatu mbele, kwa mfuatano. Yaani yakimalizika kama yatakavyoanza, Norris ni bingwa bila kumpita mtu hata mmoja.

Nilipomsomea mjomba hayo akacheka. "Huyo kijana ana kazi ngumu kuliko wote," alisema.

Mjomba aliendesha Fuso miaka mingi, Manyovu, Kasulu, Kigoma, enzi sisi bado ni wilaya ya Kasulu, kabla Buhigwe haijakuwa wilaya mwaka 2012. Lami hakuna. Masika unafunga minyororo kwenye matairi, na utingo anatembea mbele kwa miguu akipima matope kwa fimbo. Alibeba maharage, kahawa, mihogo, na mara moja harusi nzima pamoja na keki. Sasa anasema ajali nyingi alizoziona hazikuwa kwenye zile kona mbaya za mteremko. Kwenye kona mbaya kila mtu ana adabu. Zilikuwa karibu na nyumbani, pale dereva ameshaona taa za kijijini na ameanza kufikiria ugali. Norris, kwa maoni yake, ana siku nzima ya kuona taa za kijijini.

Na kuna ushahidi. Abu Dhabi hii hii, mwaka 2010, Fernando Alonso alifika akiongoza, na nyuma yake walikuwepo watatu wenye matumaini: Webber, Vettel na Hamilton. Ferrari wakamlinda Alonso dhidi ya Webber. Webber alipoingia kubadili matairi, nao wakamwingiza Alonso haraka. Alipotoka akajikuta nyuma ya Vitaly Petrov wa Renault, na hakumpita mpaka mwisho. Vettel, ambaye hakuwa ameongoza msimamo hata siku moja mwaka ule, akashinda mbio na ubingwa. Mjomba aliielewa hadithi hiyo upesi kuliko hadithi yoyote niliyowahi kumsimulia, maana kila dereva wa barabara ya vumbi anamjua Petrov wake: lori la mbele lisilokupa njia, vumbi limejaa kwenye kioo, na giza linaingia.

Lakini mimi si mchambuzi wa mbio, na sikukusudia kuandika haya kama mchambuzi. Kilichoniweka macho usiku huu ni lugha, na jambo lingine nitakalolieleza.

Mpira una Kiswahili chake. Watangazaji wa redio walitujengea kiungo mkabaji, mpira wa adhabu na lango, hata mtu ambaye hajawahi kuingia uwanjani anaweza kuuona mchezo kwa masikio. Mbio hizi redio zilitupa neno moja zuri, langalanga, zikaishia hapo. Yaliyobaki tumeyatengeneza mimi na mjomba hapa barazani. Kuingia kubadili matairi ni "kuingia gereji". Lile gari linalotangulia ajali ikitokea, likiwafanya wote waende polepole bila kupitana, mjomba analiita "trafiki". Matairi laini ni "kandambili", yanakimbia vizuri ila hayafiki mbali. Magumu ni "buti". Timu ni "tajiri", kama wenye magari wanavyoitwa na madereva wao. Na McLaren ni tajiri mwenye Fuso mbili barabara moja, hali ambayo mjomba anasema haijawahi kuisha kwa amani. Pale Monza Piastri aliambiwa amrudishie Norris nafasi ya pili baada ya Norris kucheleweshwa gereji, naye akatii. Kesho itakuwaje Norris akiwa wa nne na Piastri yuko mbele yake? Mjomba ana jibu: "Atamwambia redio haisikiki."

Msimu huu umemfurahisha kwa namna hiyo. Verstappen alikuwa nyuma ya Piastri kwa pointi 104 baada ya mbio za Uholanzi mwishoni mwa Agosti. Mia moja na nne! Kisha akaanza kula mdogo mdogo. Kule Las Vegas gari zote mbili za McLaren zilifutwa baada ya mbio kwa sababu ubao wa chini ulikuwa umelika kupita kiasi. "Tumbo limekwangua," mjomba alisema kabla sijamaliza sentensi. Kule Qatar, Jumapili iliyopita, trafiki alitoka mzunguko wa saba, karibu wote wakakimbilia gereji, McLaren wakabaki barabarani. Mimi nilikuwa bado natafsiri, yeye ameshashika kichwa: "Wamepoteza." Verstappen akashinda. Norris akawa wa nne.

Sasa hilo jambo lingine.

Mjomba si wa Norris, wala Verstappen, wala Piastri. Ni wa Lewis Hamilton tangu 2007, alipoona kwenye televisheni ya jirani kijana mweusi anatoka kwenye gari lile na kuvua kofia. Ubingwa mara saba. Mjomba anauhesabu kama watu wanavyohesabu watoto. Desemba 12, 2021, tulikuwa kwa jirani mwenye king'amuzi, yeye bado anaona vizuri. Hamilton na Verstappen walifika siku hiyo sawasawa, pointi 369.5 kila mmoja. Hamilton aliongoza karibu mbio zote. Latifi akagonga ukuta, trafiki akatoka, Verstappen akaingia gereji akavaa kandambili mpya, Hamilton akabaki na buti zilizochakaa. Magari matano tu yaliyokuwa katikati yao yakaruhusiwa kupita, ukabaki mzunguko mmoja, na yaliyotokea mnayajua. Mjomba alisimama, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Hakuwa na mbuzi mwaka ule.

Mwaka huu Hamilton amekwenda Ferrari. Machi alishinda zile mbio fupi za Jumamosi kule Shanghai, na mjomba akanituma soda za baraza nzima. Baada ya hapo, wenye kufuatilia wanajua. Hajapanda jukwaani hata mara moja katika mbio kubwa za Jumapili. Agosti, kule Hungary, alianza wa 12 akamaliza wa 12, wakati mwenzake Leclerc ndiye aliyeanza mbele ya wote, na Hamilton mwenyewe akawaambia waandishi kwamba hana faida na timu itafute dereva mwingine.

Siku ile mjomba aliniuliza swali analouliza kila baada ya dakika kumi: "Hamilton wa ngapi?"

Nikasema wa saba.

Sijui kwa nini niliteua saba. Ilitoka tu. Wiki ile alikuwa amerudi kutoka hospitali na majibu ya jicho la kulia, na nilimwona amekaa ameinamisha sikio kwenye simu kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Nikampa nafasi tano za bure. Na uongo ukishaanza unahitaji kulishwa: Singapore nikamsogeza, Brazil alipolazimika kuacha mbio nikasema gari limesumbua kidogo lakini amefika. Las Vegas, ambako aliweka muda mbaya kuliko wote 20 kwenye kupanga foleni, nikasema ameanza wa tisa.

Mtu anayesoma kwa ajili ya asiyeona ana mamlaka makubwa kuliko mwandishi. Mwandishi unaweza kumfunga kitabu, au ukaenda kwa mwingine ukalinganisha. Mjomba hana mwingine. Mtangazaji anasema Kiingereza, picha ninaiona mimi, na dunia nzima ya mbio inapita mdomoni mwangu. Nimewahi kulalamika, tena humu humu, juu ya wafasiri wanaomlainishia msomaji maneno makali kwa kudhani hatayaweza. Nilikuwa nimejaa hasira safi kabisa. Nami wakati huohuo namlainishia mzee mmoja nafasi ya 12.

Halafu wiki iliyopita, katikati ya Qatar, akanishika mkono. "Mjomba," akasema, maana naye huniita hivyohivyo, "huyo mtangazaji mbona hamtaji?"

Nikamwambia labda yuko mahali patulivu, hakuna anayemsumbua.

"Wa saba hutajwa," akasema. "Wa sita na wa nane wakipigana, wa saba lazima atajwe. Mimi nasikiliza majina." Kisha akarudi kusikiliza injini, ambayo huijua gia kwa gia, na hakuniuliza tena wa ngapi mpaka mwisho wa mbio. Hamilton alikuwa wa 12.

Nimelibeba hilo wiki nzima, shambani, kwenye pikipiki, kila mahali. Anajua. Tangu lini, sijui. Pengine tangu Hungary. Na kama anajua na alikuwa ananiacha niendelee, basi ni nani alikuwa anamlainishia nani?

Desemba ya mwaka jana sherehe ya zawadi za dunia ya mbio ilifanyika Kigali, Verstappen akapewa kombe lake pale, na Rais Kagame akatangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula 1. Afrika haijawa nazo tangu Kyalami, 1993. Hamilton amezisemea mara nyingi. Mjomba alipolisikia alikuwa bado anaona vivuli, akaanza kupanga safari: Kigali kwa dereva wa zamani wa Fuso ni mwendo wa siku moja, ukikuta mipaka iko wazi. Akauliza zitaanza mwaka gani. Nikasema haijulikani. Lilikuwa jibu la kweli, na nakumbuka halikumfurahisha, lakini alilala nalo.

Leo mchana, kwenye mazoezi ya mwisho, Hamilton aligonga ukuta. Jioni, kwenye kupanga foleni, ametolewa katika hatua ya kwanza, mara ya tatu mfululizo baada ya Las Vegas na Qatar. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha, mtandao unakatika, na mjomba amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Nilimtajia Verstappen, Norris, Piastri. Akatikisa kichwa. Nikaongeza Russell na Leclerc. Akangoja. Mvua kwenye bati ilikuwa kubwa, nikajua naweza kusema namba yoyote na isisikike vizuri.

"Na Hamilton wa ngapi?"

"Wa kumi na sita, mjomba."

Hakusema kitu kwa muda. Nilisikia anahesabu kwa vidole juu ya mkono wa kiti, polepole, kama alivyokuwa akihesabu magunia.

"Kumi na tano mbele yake," akasema. "Na mizunguko?"

"Hamsini na nane."

"Haya. Wa kumi na tano ni nani, na amevaa nini? Kandambili au buti?"

Nikamwambia ngoja mtandao urudi, nitaangalia.