Hesabu za kichwani ziliniokoa na aibu

Wiki hii nakupa kisa kilichonikuta Jumamosi moja pale Sinza, kwenye mgahawa ambao jina lake nalihifadhi. Tulikuwa washikaji saba, tumekubaliana bili tugawane sawa. Mfukoni nilikuwa na shilingi 10,000 tu, humo humo nauli ya kurudi Mbagala. Lakini kwa kuwa msichana ninayemzimia alikuwepo, nilikuwa natesa kama mtoto wa waziri.

Basi bwana, bili ikaja. Mwenzetu mmoja akaiangalia juu juu, akatangaza: "Jamani, 83,700. Gawa kwa saba, ni kama elfu kumi na mbili kila kichwa."

Jasho likanitoka. Nikope? Nijifanye napigiwa simu? Ndipo nikamkumbuka mwalimu wetu wa hesabu shule ya msingi, aliyekuwa akitulazimisha kukadiria jibu kabla ya kushika kalamu. Nikaanza kimoyomoyo. Chipsi kuku sahani saba za 5,800: fanya 6,000, mara saba ni 42,000. Soda tisa za 1,200 ni 10,800, iite 11,000. Mishikaki 14 ya 700 ni 9,800, iite 10,000. Jumla 63,000. Na 63 kwa saba ni tisa kamili, haibaki kitu. Elfu tisa kila mmoja!

Sasa sikia utamu wake: kila nilipokadiria nilipandisha, sikushusha hata mara moja. Maana yake bili ya kweli isingeweza kuvuka 63,000. Mwenzetu aligawa vizuri tu, ila alichokigawa ndicho kilikuwa na kasoro.

"Samahani dada," nikamwita mhudumu, "hebu tuipitie pamoja." Lo! Kuku mzima wa 22,500 wa meza ya jirani alikuwa ameandikwa kwetu. Dada wa watu akaomba radhi, bili ikawa 61,200. Tukatoa 8,750 kila mmoja, nami nikabaki na nauli.

Wengi tunaona kukagua bili ni ubahili. Lakini tulipotoka nje, yule aliyekuwa anatesa kuliko wote akanivuta pembeni, akaninong'oneza: "Ahsante ndugu yangu. Mimi nilikuwa na elfu tisa tu."

Na yule msichana? Hayo tuyaache, tuonane wiki ijayo.