Tumbawe Halitaki Haraka

Kwetu Lamu, tumbawe ni jiwe. Nyumba za kale zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, ndiyo maana mama yangu hucheka akisikia nimenunua kipande chake kwa pauni 15. "Mwanangu, jiwe nalo unalilipia?" Huwa namjibu, "Mama, hili lingali hai."

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo sana, usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Maji yakizidi joto, mwani huo hutoka, tumbawe likapauka, na hali ikidumu likafa. Ndivyo yalivyokufa matumbawe mengi ya pwani yetu mwaka 1998.

Tangi letu hapa Uingereza ni la lita 60, na udogo huo ndio ugumu wenyewe. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki, basi ukali wake huongezeka. Kwa hiyo kila jioni tunajazia maji matamu, si ya chumvi, mpaka kwenye alama. Tunataka chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita, na joto nyuzi 25. Maji ya bomba hatutumii bila kuyachuja kwa chujio maalumu: huwa na klorini, na pengine shaba, ambayo hata kidogo tu huua matumbawe. Kila wiki tunabadilisha lita 6, kwa maji ya chumvi yaliyochanganywa tangu jana yake na kupashwa joto lilelile.

Kazi yangu ya uuguzi imenisaidia hapa. Mgonjwa ambaye chumvi ya damu yake imeshuka kwa siku kadhaa hapandishwi kwa pupa, maana ubongo unaweza kudhurika. Tumbawe nalo ni hivyo. Ukikuta kipimo hakiko sawa, rekebisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Linaweza kuvumilia kipimo kisicho kamili, lakini mabadiliko ya ghafla hulimaliza.

Kwa anayetaka kuanza: liache tangi wiki kadhaa kwanza, mpaka bakteria wanaoondoa amonia wajijenge. Anza na matumbawe laini, ni mavumilivu zaidi. Lakini baadhi yake yana sumu kali, kwa hiyo vaa glavu, na kamwe usiyachemshe wala kuyasugua kwa maji ya moto, hasa penye watoto.

Na tafadhali, tusibebe tumbawe kutoka nyumbani ndani ya sanduku. Matumbawe ya mawe yanalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES; kuyavusha mpaka kunahitaji vibali. Nunua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi.

Agosti tunakwenda Lamu kwa wiki nne. Baba watoto anabaki kazini, na maelekezo ya kujazia maji nimeyabandika kwenye tangi. Kijana wetu wa miaka tisa, aliyezaliwa huku na ndiye anayeandika vipimo kwenye daftari, ameniuliza nani hupima bahari ya bibi. Nimemwambia tutakwenda naye kwa mashua, avae miwani atazame chini. Asishike, asikanyage. Daftari lake ameshalitia kwenye begi.