Nane kwa Kila Mkono

Safari yangu ya kwanza Marekani haikuwa ya masomo wala ya biashara. Nilikwenda kumsikiliza mpwa wangu akipiga ngoma. Dada yangu anaishi Indianapolis, katika jimbo la Indiana, na mwanawe wa pili alikuwa katika msimu wake wa mwisho kwenye kikosi cha ngoma na tarumbeta. Ni vikosi vya vijana, visivyo vya jeshi wala vya shule, ambavyo kila kiangazi huzunguka nchi kwa mabasi vikishindana viwanjani. Akishapita miaka 21 kijana huaga. Dada alinipigia simu akasema, "Kaka, usipokuja mwaka huu humwoni tena na ngoma begani." Wiki hiyo hiyo nikaanza kushughulikia viza.

Mimi hufundisha bendi ya vijana Mombasa. Kwa hiyo nilikwenda na masikio ya kazi, si ya mgeni tu.

Ya ndege sina mengi. Nairobi mpaka New York ni usiku mzima na ziada, kisha ndege nyingine mpaka Indianapolis. Kwa dada tulikula pilau usiku wa manane, tukalala kidogo, na asubuhi tukashika njia kuelekea shule moja ya sekondari nje ya mji ambako kikosi kilikuwa kimepiga kambi kwa mazoezi ya mwisho. Mahindi na soya pande zote mbili za barabara, bila kilima. Nimeyaona mahindi ya Trans Nzoia, lakini huku jicho halina pa kutua. Joto la Agosti la Indiana lina unyevu ambao mtu wa pwani anaujua vizuri, hilo halikunisumbua.

Tulipofungua milango ya gari nilisikia kwanza tik, tik, tik. Metronomu ilikuwa imeunganishwa na kipaza sauti, ikihesabu bila huruma. Chini yake zilikuwepo ngoma, na sikuamini kwamba ni ngoma nyingi, kwa sababu mlio ulikuwa mmoja.

Mpwa wangu alikuwa katika mstari wa snea, zile ngoma ndogo zenye nyaya chini. Walisimama kwenye maegesho ya magari, wamevua mashati, wasichana kwa wavulana wameungua na jua, miguu ikikanyaga papo hapo kufuata hesabu. Walikuwa wakipiga zoezi ambalo mtoto yeyote wa bendi hufundishwa siku ya kwanza: mapigo manane kwa mkono wa kulia, manane kwa wa kushoto, kisha upya. Hawa ni vijana ambao baadaye mchana niliwasikia wakipiga vitu ambavyo sikuweza kuvihesabu. Lakini asubuhi ile walipiga nane kwa kila mkono, karibu saa nzima.

Mwalimu wao alikuwa amewapa mgongo. Mtu mfupi wa makamo, kofia ya majani, vijiti viwili vimechomekwa mfuko wa nyuma. Nilidhani anapumzika. Kisha akainua mkono, ngoma zikakatika zote kwa pamoja, akageuka na kumtaja kijana wa nne kutoka kushoto: pigo lake la tano la mkono wa kushoto linachelewa. Si la nne, si la sita. Kijana akaitika, metronomu ikaendelea, naye akawapa tena mgongo.

Nilisogea nikasimama karibu naye ili nisikie anachosikia. Ilinichukua muda. Ngozi za ngoma hizi si ngozi. Zimefumwa kwa nyuzi za Kevlar, aina ile ya nyuzi zinazotumika katika fulana za kuzuia risasi, na hukazwa mpaka hazifichi kitu. Kijiti kikitua unywele mmoja kabla ya vingine, unasikia mpasuko badala ya pigo. Na urefu wa kunyanyua kijiti wanaupima kwa inchi: 3 kwa sauti ndogo, 6, 9, mpaka 12 na zaidi kwa sauti kubwa. Mmoja akinyanyua inchi 7 mahali pa 6, mwalimu anajua. Mimi nilianza kujua kuelekea mwisho wa zoezi, na nilifurahi sana.

Kulikuwa na msichana mmoja ambaye kipande kimoja cha mapigo mawili mawili kilimshinda. Mwalimu aliwapigisha mmoja mmoja, kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, kila mtu kipande kile kile, metronomu haisimami. Hakuna aliyecheka mwenzake. Zamu ya msichana ilipofika ikaharibika. Mwalimu alipiga goti kwenye lami ya moto, macho yake yakawa usawa na uso wa ngoma, akamwambia arudie. Akarudia. Akarudia. Ndipo mwalimu akatoa vijiti vyake mfukoni, akapiga kipande kile jinsi msichana alivyokipiga, kosa lile lile kabisa, kisha akakipiga jinsi kinavyotakiwa. Msichana akacheka, kwa sababu sasa alikuwa amelisikia. Akapiga, ikatoka. Mwalimu akasema neno moja, "Ndiyo," akaenda kwa mwingine.

Nimelelewa na walimu wa bendi ambao kijiti cha ngoma kwao kilikuwa cha kupigia vifundo vya vidole vya watoto. Tuliwaogopa, na tulipowaona wamesafiri tulifurahi. Huyu wa Indiana alikuwa mkali kuliko wote niliowajua. Hakuacha kosa hata dogo lipite, hakusifia cha nusu, na aliyechelewa dakika mbili alisimama pembeni ya mazoezi bila ngoma mpaka mapumziko. Lakini ukali wake ulikuwa wa sikio. Hakutukana mtu. Hakuna aliyepayukiwa mbele ya wenzake kwa jambo ambalo hakuelezwa namna ya kulirekebisha. Na kila baada ya muda mfupi alikata kila kitu akaamuru maji, akasimama kuhakikisha kila mmoja amekunywa.

Jambo moja lilinishtua: vijana walimwita kwa jina lake la kwanza, kavu, bila mwalimu wala mzee. Kwetu ungeambiwa huna adabu. Nilitafuta heshima yao ilipo, nikaiona mahali pengine. Alipokaribia mstari, vijiti vyote vilitulia kabla hajasema lolote. Na alipomrekebisha mmoja, wengine nao walijaribu rekebisho lile kimyakimya juu ya mapaja yao.

Mchana chakula kilitolewa kwenye lori la jikoni. Walimu walikula baada ya vijana, na huyu wa snea alikula wa mwisho. Mpwa wangu alinipeleka kwake. "Mjomba, huyu ndiye aliyenikataa." Ndivyo alivyomtambulisha. Mara ya kwanza alipojaribu kuingia kikosini, katika kambi za usajili za majira ya baridi, mwalimu alimwambia mkono wake wa kushoto haujaiva, akampa karatasi za mazoezi na kumwambia arudi mwaka unaofuata. Mpwa alifanya kazi ghalani usiku ili kulipa ada, maana vijana hulipa wenyewe, maelfu ya dola kwa msimu, na alfajiri alipiga pedi ya mpira jikoni kwa dada. Mwaka uliofuata alirudi na mkono.

Nilimuuliza mwalimu alijifunza wapi kusikia hivyo. Alisema yeye ni mtoto wa zama za ukwanguaji wa pointi. Mpaka mwaka 1983 majaji walitembea uwanjani katikati ya wapigaji, na kila kosa waliloliona au kulisikia lilikata sehemu ya kumi ya pointi. Jaji angeweza kusimama kando ya ngoma yako tu, akisikiliza. Kuanzia 1984 utaratibu ukabadilika, vikosi vikaanza kupewa alama kwa walichojenga badala ya kunyang'anywa kwa walichovunja. Aliona mabadiliko yale yalikuwa mema, muziki ulipanuka. Ila yeye mwenyewe sikio lake limebaki na yule jaji kando yake.

Vikosi hivi vina mizizi kwa askari. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia vyama vya maveterani kama American Legion vilianza kuvidhamini, makanisa ya Kikatoliki nayo yakafuata. Mwaka 1971 viongozi wa vikosi kadhaa, wamechoka kuamuliwa mambo na wengine, waliunda Drum Corps International ili waendeshe mashindano yao. Fainali ya kwanza ilifanyika 1972 huko Whitewater, Wisconsin, na Anaheim Kingsmen wa California wakashinda. Siku hizi kikosi kinaweza kuwa na vijana hadi 165, na fainali zimekuwa zikifanyika Lucas Oil Stadium, Indianapolis, tangu 2009.

Nami nilimsimulia habari za beni. Kwamba pwani yetu, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, watu walishindana kwa ngoma kubwa, tarumbeta na gwaride, mitaa kwa mitaa: Kingi na Scotchi upande wa Mombasa na Lamu, Marini na Arinoti upande wa Tanganyika, wakiwa na vyeo na mavazi yao. Kwamba bendi za misheni na za majeshi ndizo zilizokuwa shule ya kwanza, kisha watu wakaigeuza ngoma ile ikawa yao. Aliacha kula. Aliuliza maswali mengi, na lililonikaa ni hili: nani alikuwa akiwafundisha wapigaji, na alikuwa akiwafundisha vipi? Ni swali la mtu wa kazi. Wazee wenye majibu bado wapo wachache, na tangu siku ile nimeanza kuwafuata.

Alasiri nilikaa na mstari wa besi. Wapigaji watano, kila mmoja na ngoma ya ukubwa wake, kutoka ndogo yenye sauti ya juu mpaka ile ambayo anayeibeba haoni miguu yake. Mkupuo mmoja wa mapigo wanagawana: huyu pigo moja, yule pigo moja, upesi kiasi kwamba ukifumba macho utaapa ni mtu mmoja mwenye ngoma tano. Hapo hakuna wa kumfuata mwenzake. Ukisubiri umsikie jirani umeshachelewa. Kila mmoja sharti awe na hesabu yote kichwani, na ya wenzake pia. Ndipo nilipoelewa ile saa nzima ya asubuhi ilikuwa ya nini.

Ijumaa ilikuwa nusu fainali. Kabla ya kuingia uwanjani vikosi hupasha moto nje, kwenye maegesho, na watu huja kwa mamia kuzizunguka ngoma bila kulipa senti, simu juu, midomo imefungwa. Nilisimama humo na dada yangu, ambaye alikuwa akilia waziwazi. Ndani, kikosi kina kama dakika kumi na mbili tu. Mbele kabisa hupangwa marimba kubwa za mbao, ala ambayo asili yake ni barani kwetu, na nyuma yake uwanja mzima unatembea. Sikumwona mpwa wangu akikosea. Mwalimu wake, kwa hakika, aliona.

Hawakuingia katika 12 bora wa Jumamosi. Walipovua ngoma mwalimu aliwakusanya nyuma ya lori, akawaambia kilichokuwa bora kuliko kwenye mchujo wa Alhamisi, kisha akawaambia ni wapi katika wimbo wa pili mkono wa kushoto ulilegea. Msimu umekwisha, hakuna onyesho lingine, naye anarekebisha. Walimsikiliza neno kwa neno. Nilipomuuliza mpwa sababu, alinishangaa: "Mjomba, wengine wanarudi mwakani."

Fainali tulikwenda kama watazamaji. Tuzo ya ngoma bora ina jina la Fred Sanford, aliyeijenga safu ya ngoma ya Santa Clara Vanguard ya California katika miaka ya 1970 na kufariki mwaka 2000. Ralph Hardimon, aliyeishika safu hiyo katika miaka ya 1980, naye akawa jina kubwa. Katika fani hii watu hutaja mwalimu wa mwalimu wao kama kwetu watu wanavyotaja chuo walichosomea Kurani. Kati ya walionizunguka jukwaani, wengi walikuwa watu wazima waliopiga ngoma zamani, na kila niliyezungumza naye alianza na jina la aliyemfundisha.

Mpwa wangu sasa anafundisha snea katika shule moja ya sekondari karibu na kwao, baada ya masomo. Amewanunulia wanafunzi wake metronomu na kipaza sauti kwa pesa zake.

Walimu wenzangu wa bendi za Mombasa, Lamu, Tanga na Unguja, hili halihitaji Kevlar wala dola. Metronomu ipo ya bure katika simu zetu, na spika ndogo inatosha kwa uwanja wa shule. Karatasi za mazoezi alizopewa mpwa wangu alipokataliwa nimekuja nazo, mwalimu mwenyewe ameniruhusu. Anayezitaka aje Jumamosi tunapofanya mazoezi, nitamtolea nakala.