Kadi ya picha au rami? Kijana mkimbizi achagua kompyuta ya kazi Bunia

BUNIA – Kijana mmoja aliyekimbia vita katika teritwari ya Djugu anaishi na mama yake na wadogo zake watatu katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani hapa Bunia. Kazi yake ni kupiga video za ndoa na matanga. Siku ya kukimbia aliokoa kamera, lakini kompyuta ilibaki kijijini. Tangu hapo analipa studio ya mjini imkatie video zake, na karibu nusu ya pesa ya kila kazi inabaki huko.

Alipofikisha dolari 320, mama yake alimwambia: "Ndani ya pesa hii kuna minervali ya mdogo wako. Usinunue jina."

Dukani aliwekewa kompyuta mbili zilizokwisha kutumika. Zote zina prosesa moja, Intel Core i5-8250U. Ya kwanza, dolari 320, imebandikwa alama ya NVIDIA: ina kadi ya picha GeForce MX150, lakini rami ni GB 4 tu na diski ni ile ya zamani inayozunguka. Ya pili, dolari 250, haina kadi ya pembeni. Inatumia chipu ya picha Intel UHD 620 iliyo ndani ya prosesa, rami GB 8 katika vipande viwili, na diski ya SSD.

"Mdogo wangu, wewe ni mtu wa video," muuzaji akamwambia. "Bila NVIDIA utalia."

"Yaya, niruhusu nijaribu zote mbili."

Alikuwa amekuja na kle yenye video ya ndoa ya dakika kumi. Akaikata vilevile kwenye kila kompyuta, akarekebisha rangi, akatoa kazi iliyomalizika. Ile ya NVIDIA ilikwama mara nyingi na kumaliza kwa dakika 19. Ile ya bei ndogo ilimaliza kwa dakika 14.

Muuzaji alishangaa, lakini sababu iko wazi. MX150, iliyotoka mwaka 2017, ina nguvu kuliko UHD 620 na ina kumbukumbu yake yenyewe. Kwa michezo na michoro ya 3D inaishinda kwa mbali. Ila haina sehemu ya kufunga video. Kazi hiyo inafanywa na chipu ya Intel, ambayo imo ndani ya kompyuta zote mbili. Kwa hiyo hapo kadi haikumsaidia kitu, na GB 4 za rami zilijaa mapema, diski ikabaki kuhangaika.

Chipu iliyo ndani ya prosesa nayo ina udhaifu wake: inakopa rami ya kompyuta. Ndiyo maana vipande viwili vya rami ni bora kuliko kimoja, kwa sababu njia ya kupitisha data inakuwa pana mara mbili.

Kuna na jambo la moto. Kambini, kuchaji kunalipiwa. Prosesa hii imepangiwa wati 15. MX150 ikifanya kazi inaweza kuongeza hadi 25 juu yake.

Kijana alichukua ya dolari 250. Kwa video za 4K itamchosha, lakini yeye anapiga za 1080. Angekuwa na pesa zaidi, angetafuta yenye Intel Iris Xe, iliyotoka mwaka 2020: ina hadi vitengo 96 vya kuchora, wakati UHD 620 ina 24.

Kwa wasikilizaji wanaotaka kununua: msiamini alama iliyobandikwa. Bonyezeni Ctrl, Shift na Esc pamoja, kisha fungueni sehemu ya utendaji. Hapo mtaona jina la kweli la chipu ya picha, ukubwa wa rami na idadi ya vipande vyake. Halafu jaribuni kazi yenu wenyewe, hapohapo dukani, kabla ya kutoa pesa.

Dolari 70 zilizobaki alimrudishia mama yake. Jumatatu mdogo wake alirudi darasani, na Jumamosi hii kuna ndoa ya kupiga.